Haki zako ukisoma Uingereza: mwongozo kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kijana wa Unguja au Pemba akipata nafasi ya chuo kikuu Uingereza, jamaa zake humsaidia kwa kila hali: ada huchangwa, koti la baridi huazimwa, dua husomwa. Asichopewa ni maelezo ya haki zinazomsubiri huko. Matokeo yake huumwa mwezi mzima bila kumwona daktari ambaye ameshamlipia, hukaa kwenye chumba chenye ukungu kwa kumwogopa mwenye nyumba, au hufiwa na mzazi akapanda ndege bila kukiarifu chuo, na akirudi hukuta viza yake imefupishwa. Haki zenyewe zipo, na nyingi zina nguvu ya sheria. Ila karibu zote zina sharti moja: useme mapema, na useme kwa maandishi.

Viwango vilivyomo humu ni vya mwisho wa 2025 na mwanzo wa 2026. Ada za viza aghalabu hubadilika mwezi wa Aprili, kwa hiyo hakikisha kila kiwango kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, siku ile ile unayojaza fomu.

Kabla ya kupanda boti

Anza na jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cheti cha kidato cha sita kinasema Hamisi, paspoti inasema Hamis. Kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa ofisa wa viza anayesoma karatasi tu ni watu watatu. Linyooshe mapema: cheti cha kuzaliwa kwanza, kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kisha paspoti ifuate cheti, kisha ukiombe chuo kiandike jina kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Jua pia kwamba Uingereza jina la mwisho ndilo linalochukuliwa kuwa la ukoo. Asha Juma Faki ataitwa Bi Faki kila ofisi, kwa jina la babu yake, na hilo halina madhara mradi liwe hivyo hivyo benki, chuoni, kwa daktari na kazini.

Chuo kikishakukubali na ukatimiza masharti yake, kitakupa namba ya CAS, ambayo ni uthibitisho wa udhamini wake kwako. Bila namba hiyo hakuna ombi la viza. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya masomo, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3.

Fedha ndizo zinazoangusha maombi, na hapa tusimame. Lazima uoneshe mambo mawili: sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujalipa, kama CAS inavyosema, na fedha za kujikimu za hadi miezi 9. Tangu 11 Novemba 2025 fedha za kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Kwa kozi ya miezi 9 na kuendelea hiyo ni pauni 13,761 au 10,539. Kiwango chote kikae benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu huanza upya. Na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapopeleka ombi.

Fedha ziwe za nani? Zako, za mzazi wako, au za mlezi wako wa kisheria. Hapo desturi yetu inagongana na kanuni. Kwetu ami au shangazi anayekusomesha ni mzazi kabisa, lakini kanuni ya viza haimhesabu, na taarifa yake ya benki itakataliwa hata kama ina mabilioni. Njia halali ni rahisi: fedha ziingie kwenye akaunti yako mwenyewe au ya baba au mama, kisha zikae siku zake 28 ndipo uombe. Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kukuruhusu kuzitumia. Ukisomeshwa kwa mkopo wa serikali, kama ule wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, barua ya mkopo isiwe na umri wa zaidi ya miezi 6, itaje jina lako na kiasi, na ieleze kwamba fedha zitapatikana kabla hujasafiri au zitalipwa chuoni moja kwa moja.

Akaunti ya shilingi inakubalika. Lakini ofisa hubadilisha kwa bei ya OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilishia fedha, ya siku ya ombi, na shilingi ikiteremka kidogo wiki hiyo unaweza kupungukiwa kwa pauni chache tu ukanyimwa. Weka ziada ya kama asilimia 10.

Sasa Dar es Salaam. Anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 lazima awe na cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kituo kinachotambuliwa na serikali ya Uingereza, na kituo hicho kipo Dar. Cheti hudumu miezi 6. Vipimo vya alama za vidole na picha navyo hufanyika Dar, kwenye kituo cha maombi ya viza. Watu hupanga yote mawili kwa safari moja ya boti, na mara nyingi inawezekana, ila picha ya eksirei ikionesha doa lolote hutakiwa makohozi yaoteshwe maabara, na majibu yanaweza kuchukua hadi miezi 2. Ndiyo maana kifua kipimwe mapema, kabla hata CAS haijatoka.

Ada ya viza tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 524. Juu yake kuna malipo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na nusu yake, pauni 388, kwa kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6. Kozi ya uzamili ya miezi 12 hupewa viza yenye mwezi 1 kabla ya kozi na miezi 4 baada yake, kwa hiyo malipo ya afya hufika pauni 1,164. Kumbuka kiasi hicho, tutakirudia. Viza ikikataliwa, malipo ya afya hurejeshwa. Ada ya viza hairejeshwi.

Na mawakala. Vyuo vingi huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo wakala anayekudai fedha nyingi kwa kukuombea nafasi anakulipisha kazi ambayo pengine ameshalipwa. Mbaya zaidi ni yule anayesema atakutengenezea taarifa ya benki. Ombi lenye udanganyifu likigundulika, mwombaji ndiye anayefungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10, si wakala. Na ukishafika huko, fahamu kwamba kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Mshauri halali ama ni wakili, ama yumo kwenye orodha ya mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, ama ni ofisi ya chuo chako, ambayo haikudai hata senti.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka: ukiwa na sikoseli, kisukari, kifafa, pumu, uoni hafifu au maradhi yoyote ya kudumu, chukua barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake. Watu wengi huficha wakidhani watanyimwa nafasi. Chuo hakiruhusiwi kukubagua kwa ulemavu, na barua hiyo ndiyo itakayokufungulia msaada tunaoueleza huko mbele.

Wiki za mwanzo

Viza siku hizi ni ya kielektroniki. Hakuna kadi. Fungua akaunti yako ya uhamiaji, hakikisha jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho na masharti ya kazi ni sahihi, na kwamba imeunganishwa na paspoti unayosafiria. Ukibadilisha paspoti, ibadilishe na humo, la sivyo shirika la ndege linaweza kukuzuia Zanzibar usipande. Kutoka kwenye akaunti hiyo utajitolea namba ya siri ya kumwonesha mwajiri au mwenye nyumba kwamba una ruhusa. Kila namba hudumu siku 90.

Siku hiyo hiyo au kesho yake, jiandikishe kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaa unaokaa. Hapa ndipo zile pauni 1,164 zinapofanya kazi. Kumwona daktari wa GP ni bure, kulazwa hospitali ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ni bure, uzazi ni bure, na si hisani: umeshalipa. England, kituo hakiruhusiwi kukukatalia kwa sababu tu huna uthibitisho wa anwani au kitambulisho. Usingoje kuumwa, kwa kuwa ukiwa na homa kali siku ya kwanza ndipo fomu zinapokuwa mlima.

Mfumo wao hauendi kama wetu. Nyumbani mtu huenda duka la dawa akanunua antibiotiki. Kule haziuzwi bila karatasi ya daktari. Nyumbani mtu huenda Mnazi Mmoja moja kwa moja. Kule GP ndiye anayekuelekeza hospitali, isipokuwa kwa dharura. Shauri la simu saa zote ni 111, dharura ya maisha ni 999. Dawa zilizoandikwa hulipiwa England pauni 9.90 kwa kila aina, na ni bure Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini. Kipato chako kikiwa kidogo, jaza fomu ya HC1: ukikubaliwa utapewa cheti cha HC2, kinachofuta gharama za dawa, meno ya NHS na upimaji wa macho. Cheti hicho hakihesabiwi kuwa fedha za umma, yaani misaada ya serikali ambayo viza yako inakukataza.

Mwanamke anaweza kuomba daktari mwanamke, au awepo mtu wa kushuhudia wakati wa kupimwa. Omba unapopiga simu ya miadi, maana ukiomba ukiwa mlangoni huenda asiwepo. Mkalimani pia hutolewa bure. Kiingereza cha kuandikia tasnifu si lazima kikutoshe kuelezea maumivu ya tumbo.

Kodi ya halmashauri ni jambo jengine linalowashtua wageni, kwa sababu barua yake huja ikiwa na mamia ya pauni. Nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao haitozwi. Omba chuoni barua ya uthibitisho, itume halmashauri, basi. Tatizo huja pale mmoja wenu akiwa si mwanafunzi, au amemaliza masomo: hapo nyumba huanza kudaiwa, ingawa akiwa mtu mzima pekee asiye mwanafunzi hupunguziwa asilimia 25. Kubalianeni nani atalipa kabla hamjasaini.

Na hili wengi hawaliamini: Tanzania ni nchi ya Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mwenye paspoti ya Tanzania anayeishi Uingereza kwa viza halali na aliyetimiza miaka 18 anaweza kujiandikisha kupiga kura huko, hadi uchaguzi wa Bunge. Jiandikishe. Ni sauti yako, na jina likiwemo kwenye daftari benki na kampuni za simu hukuamini haraka zaidi.

Chumba na mwenye chumba

Mwaka wa kwanza kaa bweni la chuo ukiweza, hasa kwa kuwa chuo kwa kawaida hakikudai mdhamini anayeishi Uingereza. Kutafuta chumba mtandaoni ukiwa bado Chake Chake ndiko kunakoliza watu. Picha nzuri, bei nafuu, mwenye nyumba yuko safarini, anataka amana leo hii kwa sababu kuna mwengine anakitaka. Usitume fedha kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hakukiona kwa macho.

Ukipanga kwa mtu binafsi England, sheria ya 2019 inaweka mipaka: fedha ya kushikia chumba isizidi kodi ya wiki 1, na amana isizidi kodi ya wiki 5 kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Ada za "ofisi", "kuandika mkataba" au "kukagua jina" ni marufuku. Amana lazima iwekwe kwenye mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa ndani ya siku 30, nawe upewe maelezo yake. Mwenye nyumba asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe mara 1 hadi 3 ya amana. Kinga hii ya kuweka amana kwenye mfuko haimhusu anayekaa chumba ndani ya nyumba ya mwenyewe akitumia naye jiko moja, na bweni la chuo nalo lina utaratibu wake. Soma unasaini nini.

Zamani mwanafunzi asiye na mdhamini alidaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kuanzia 1 Mei 2026, kwa upangaji mpya wa nyumba za watu binafsi England, mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya mwezi 1 mbele. Mabweni makubwa ya kampuni yaliyomo kwenye kanuni zinazotambuliwa yako nje ya sheria hiyo.

Siku ya kuingia, piga picha kila kitu: godoro, ukuta, jiko, zulia, sehemu yenye ukungu, na usomaji wa mita. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Ugomvi wa amana mwisho wa mwaka huamuliwa bure na mfuko unaoishikilia, na unaamuliwa kwa karatasi na picha. Mwenye picha hushinda.

Kazi: saa 20, na zinavyohesabiwa

Hii ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu huvunja sharti bila kujua na hupoteza viza nzima.

Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kozi za chini ya shahada ni saa 10. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Saa za waajiri wote hujumlishwa, na kazi isiyo na malipo pia huweza kuhesabiwa. Hakuna wastani: ukifanya saa 15 wiki hii na 25 wiki ijayo, umevunja sharti wiki ijayo. Andika saa zako kwenye daftari, usitegemee za meneja.

Likizo unaweza kufanya kazi muda wote, lakini likizo ya nani? Kiangazi ni likizo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kati ya Juni na Septemba bado yumo masomoni, na saa zake ni 20 zile zile hadi tarehe ya mwisho wa kozi. Hapa wengi huteleza, wakidhani kwisha kwa vipindi ni likizo. Chukua tarehe za muhula kutoka chuoni kwa maandishi na umpe mwajiri nakala.

Kujiajiri hakuruhusiwi hata saa moja. Kwa hiyo kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu hakuruhusiwi, kwa kuwa dereva wa programu hizo huhesabiwa amejiajiri, na kutumia akaunti ya rafiki ni kosa juu ya kosa. Kuwauzia watu vitumbua na sambusa kwa oda za WhatsApp, kupaka hina harusini kwa malipo, kusuka nywele chumbani: yote hayo ni biashara kwa macho ya sheria ile. Tunajua ndivyo watu wetu wanavyojikwamua kokote waliko, na ni kazi za heshima. Kule zinaweza kukurudisha nyumbani bila shahada.

Ukiajiriwa kihalali, una haki zote za mfanyakazi. Kima cha chini tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na pauni 10.00 kwa wa miaka 18 hadi 20. Kuanzia Aprili 2026 ni 12.71 na 10.85. Una haki ya hati ya mshahara kila unapolipwa, na ya likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka: anayefanya saa 20 kwa wiki mwaka mzima anastahili saa 112. Kodi ya mapato haitozwi hadi kipato cha mwaka kivuke pauni 12,570. Ukikatwa kwa makosa, omba urejeshewe kwa HMRC, idara yao ya kodi. Namba ya bima ya taifa huombwa bure mtandaoni, na anayekuuzia ni tapeli. Mwajiri akikudhulumu, Acas, shirika la usuluhishi wa kazini, hutoa ushauri wa bure kwa simu, lakini usingoje miezi 3 itimie bila kuchukua hatua.

Chuoni, mambo yanapoharibika

Mwenye viza yako hasa ni chuo, kwa maana ya kwamba ndicho mdhamini wako. Ukiacha kuhudhuria, ukishindwa kulipa ada ukaondolewa, au ukijitoa, kinapaswa kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi, na viza hufupishwa, kwa kawaida ukaachiwa siku 60. Ndiyo maana kunyamaza ni hatari kuliko tatizo lenyewe. Malezi yetu ya stara ni mema, lakini ofisi ya chuo haisomi uso. Mficha uchi hazai.

Ukifiwa, ukiumwa, ukipata msiba wowote unaokuzuia kufanya mtihani au kuleta kazi kwa wakati, kila chuo kina fomu ya kuomba hali yako izingatiwe. Ijaze kabla ya muda wa mwisho wa kazi ile, au ndani ya siku chache ambazo kanuni za chuo zinaruhusu. Toa ushahidi: barua ya daktari, cheti cha kifo, tiketi ya ndege. Ombi linalokuja baada ya matokeo kutoka hukataliwa mara nyingi, hata kama msiba ni wa kweli, kwa kuwa watauliza kwa nini hukusema.

Ukilazimika kurudi Pemba kwa msiba, andika barua pepe kabla ya kupanda ndege, hata iwe ya mistari minne ukiwa uwanjani: jina na namba yako ya mwanafunzi, kilichotokea, tarehe ya kuondoka na unayotarajia kurudi, na vipindi utakavyovikosa. Ipeleke kwa mwalimu msimamizi na kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwa pamoja. Ukihitaji zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo kitasitisha udhamini na utarudi baadaye kwa CAS mpya na viza mpya. Ni usumbufu na ni gharama, lakini rekodi yako inabaki safi.

Mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu ana haki, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, ya kurekebishiwa mambo kwa kadiri inavyowezekana: muda wa ziada kwenye mtihani, chumba cha peke yake, kurekodi mihadhara, ruhusa ya kutoka kuchoma insulini. Ruzuku ya serikali kwa wanafunzi walemavu haimhusu mgeni, lakini wajibu wa chuo uko pale pale. Dini nayo inalindwa na sheria hiyo. Vyuo vingi vina chumba cha sala, na mtihani ukigongana na Idi, toa taarifa mapema, muhula unapoanza.

Ukituhumiwa kunakili kazi ya mtu au kutumia akili mnemba pasiporuhusiwa, usikiri wala usikane kwa hasira. Omba ushahidi wote kwa maandishi, na nenda kwa mshauri wa chama cha wanafunzi. Hao hawako chini ya idara yako, ni bure, na kwa kawaida wanaweza kukaa nawe kikaoni. Hifadhi rasimu za kazi zako zote, zenye tarehe, tangu wiki ya kwanza: ndizo zinazokutoa.

Malalamiko na rufaa huanza ndani ya chuo. Zikiisha na hujaridhika, chuo hukupa barua rasmi ya kukamilika kwa taratibu zake. Kuanzia tarehe ya barua hiyo una miezi 12 ya kwenda OIA, chombo huru cha malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales, bila malipo na bila wakili. OIA haibadilishi alama, kwa maana haiingilii uamuzi wa kitaaluma. Inachunguza kama chuo kilifuata kanuni zake na kilikutendea haki. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina vyombo vyake.

Fedha zikiisha katikati ya mwaka, kabla ya tarehe ya kulipa omba mpango wa kulipa kwa awamu, na uliza kama mfuko wa dharura wa chuo unawahusu wanafunzi wa kimataifa. Msaada wa chuo si fedha za umma na hauharibu viza. Ushauri nasaha nao ni bure na ni siri, mradi maisha ya mtu hayako hatarini. Na tangu 1 Agosti 2025 vyuo vya England vinalazimika kuweka wazi mahali pamoja namna ya kuripoti unyanyasaji wa kingono na namna ya kusaidiwa. Aliyeshambuliwa au kutukanwa kwa rangi au kwa hijabu yake apige 999 kama hatari ipo, au 101, simu ya polisi isiyo ya dharura, kama imepita. Mtu akikupigia akijifanya Wizara ya Mambo ya Ndani na kukudai pauni ili usifukuzwe, kata simu: Wizara haidai fedha namna hiyo.

Kuhusu mke, mume au watoto: tangu 1 Januari 2024 ni wanafunzi wa utafiti, kama wa uzamivu, na wanaosomeshwa na serikali pekee wanaoweza kuwaombea viza ya kufuatana nao.

Ukimaliza

Anayetaka kubaki kufanya kazi aombe viza ya wahitimu akiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya masomo haijaisha, na baada ya chuo kuiarifu Wizara kwamba amefaulu. Ukiwa nje ya Uingereza huwezi kuiomba. Ni miaka 2, ila kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18. Wa uzamivu wanabaki na miaka 3. Malipo yake ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, kwa hiyo yaweke akiba tangu mapema.

Anayerudi aombe amana yake ya chumba kabla hajafunga akaunti ya benki, achukue hati ya mwisho ya kazi kutoka kwa mwajiri, na aondoke na cheti halisi na orodha ya alama iliyopigwa muhuri na chuo. Shahada ya nje hutambuliwa nchini na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na karatasi hizo ndizo itakazozitaka. Kuziagiza ukiwa umeshafika Wete huchukua wiki nyingi na huweza kulipiwa, ilhali ukiziomba dirishani kabla ya kuondoka zinaweza kupatikana kwa siku chache.